Geti Haliundwi Chini

Kaka yake alipomwambia mbele ya mteja kwamba geti haliundwi chini, Cheche alikuwa ameshika nyundo ya kubandulia magamba ya mshono wa chuma, na aliyemwokoa huyo kaka siku hiyo ni Mungu peke yake. Nyundo yenyewe ilikuwa ndogo, kali upande mmoja na bapa upande wa pili. Lakini mtu aliyepandwa na hasira hahitaji nyundo kubwa.

Jina la Cheche alipewa kwenye karakana ya baba yake, na waliompa hawakuwa wakifikiria cheche za chuma tu. Alianza kuvaa kofia ya kuchomelea akiwa na miaka ishirini na minne, na sasa alikuwa na arobaini na mitatu. Katika miaka hiyo kumi na tisa aliunda madirisha, ngazi, vitanda vya zahanati na mageti ambayo hata yeye hakumbuki idadi yake. Mafundi wawili waliacha kazi kwa sababu ya mdomo wake, na wa tatu alivumilia kwa kuwa alikuwa hasikii sikio moja. Watu walipenda kumwambia, "Hasira hasara, dada." Yeye aliwajibu kwamba upole nao una hasara zake, ila hakuna aliyezitungia methali.

Kaka yake, aliyemzidi miaka minne, hakuwa fundi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa maneno alikuwa hodari, angeweza kumuuzia samaki mwavuli. Alikuja karakanani na shati jeupe, na shati hilo lilirudi nyumbani jeupe vilevile, jambo linalotosha kumweleza mtu yeyote alikuwa akifanya kazi gani pale. Kila geti lililotoka lilipigiliwa bati dogo lenye namba yake ya simu. Mtu akipiga kusifu kazi, aliyepokea alikuwa yeye, na jibu lake lilikuwa, "Ndiyo, hiyo ni kazi yangu." Baba alipokuwa hai, Cheche aliliacha lipite. Baba alijua nani alifanya nini, na hilo lilimtosha.

Kisha baba akafariki. Familia ilikaa sebuleni, kwenye makochi yale yale yenye vitambaa vya kufuma, na kaka akatangaza kwamba karakana sasa ni yake na kila kilichomo ni chake: mashine, jiliwa la kubania vyuma, na zaidi ya yote meza kubwa ya chuma ambayo baba aliijenga kabla hawajazaliwa. Cheche hakubishana naye. Alimgeukia mama. Alikuwa na uhakika kama wa jua kuchomoza kwamba mama atasema neno, kwa sababu mama ndiye aliyewaletea chai pale karakanani miaka nenda miaka rudi, na alikuwa amemwona binti yake akipiga magoti kwenye moshi huku shati jeupe likizungumza na simu. Mama alinyoosha kitambaa cha kochi, akakirudisha pembe yake mahali pake, akasema:

"Wewe una kwako, mwanangu. Mwachie kaka yako vya baba yake."

Hilo ndilo lililomuuma. Ya kaka alikuwa ameyazoea. Ya mama yalimwingia kama mwiba uliovunjikia ndani, na miezi minane baadaye bado alikuwa akiukanyagia.

Aliendelea kufanya kazi pale kwa sababu kazi ndiyo aliyokuwa nayo. Mpaka siku ile alipokuja mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watoto hamsini kwa mara moja. Alitaka geti la mabawa mawili. Shule yake ilikuwa kando ya barabara ya malori, na geti la zamani lilikuwa limepinda hadi likabakiza nafasi chini. Muhula uliopita mtoto wa miaka minne alipenya hapo, akakutwa amesimama katikati ya lami akilitazama lori lililosimama hatua mbili mbele ya pua yake. Aliyelia siku ile alikuwa dereva.

"Namtaka yule aliyetengeneza geti la zahanati," mwalimu alisema. "Lile linafungwa kwa kidole."

"Ndiye mimi," kaka akajibu, na hata hakumeza mate.

Cheche alikuwa nyuma yao, kofia ya kuchomelea bado usoni. Akaifunua taratibu.

"Lile geti ulilitengenezea wapi, kaka? Kwenye simu?"

Mafundi wakacheka. Kaka akatabasamu, na kwa waliomjua, tabasamu lile lilikuwa baya kuliko tusi.

"Basi dada, kama fundi ni wewe, nenda katengeneze kwako. Utalilaza wapi? Kitandani kwa shemeji? Geti haliundwi chini. Bila meza hii wewe ni mtu mwenye kofia tu."

Hapo ndipo nyundo ilipotaka kuruka, na hapo ndipo alipoiweka chini, akavua kofia, akachukua mashine yake ndogo ya kuchomelea ambayo baba alimpa kwa mkono wake mwenyewe, na grinda yake ya kukatia, na klampu zake mbili za kubania, akatoka. Mwalimu mkuu alimfuata hadi barabarani, akipiga hatua mbili kwa kila moja ya Cheche.

"Shule inafunguliwa Jumatatu ya wiki mbili zijazo," alisema akihema. "Bila geti linalofunga sifungui. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Una mahali pa kufanyia?"

"Nitakuwa napo," Cheche akasema, na alipogeuka ndipo alipoanza kufikiri ni wapi.

Kaka yake alikuwa amesema ukweli, na ukweli unaotoka kinywa usichokipenda ndio unaoudhi kuliko yote. Geti haliundwi chini. Ardhi ina vilima na mashimo, hata ile inayoonekana sawa, na bawa la geti likiundwa juu ya kitu kilichopinda, nalo litapinda vilevile na halitakutana na mwenzake. Meza ikiwa mbovu, geti halitafunga. Geti lisipofunga, mtoto atapenya, na mji mzima utajua kwamba yule mwenye shati jeupe ndiye aliyekuwa fundi siku zote.

Nyumbani kwao kulikuwa na uani mdogo wa saruji kati ya jiko na ukuta wa jirani. Mume wake alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, mwembamba, mwenye pini mdomoni tangu asubuhi hadi jioni, kiasi kwamba watoto wao walikua wakidhani baba huzungumza kwa meno. Alisogeza kamba ya kuanikia nguo bila kuulizwa.

"Meza tu?" akauliza.

"Meza tu! Wewe unajua meza ya kuchomelea ni nini?"

"Sijui, mama watoto. Ndiyo maana nimeuliza."

Wiki ya kwanza iliishia kwenye kutafuta vyuma. Muuza vyuma chakavu alikuwa na bamba la urefu wa mita mbili na upana wa mita moja na robo, unene wa penseli, lililowahi kufunika shimo la mtambo kiwandani. Cheche alilizunguka, akalipiga kwa ufunguo wa mlango, akasikiliza, akalilalia kifudifudi na kulitazama kwa jicho moja hadi wapita njia wakasimama. Lilikuwa limenyooka. Alimtengenezea muuzaji ekseli ya mkokoteni wake uliovunjika, wakawa wamemalizana. Miguu aliikata kutoka kwenye mabomba ya maji ya nyumba iliyobomolewa, na fremu akaiunda kwa vyuma vya mraba. Aliipima kona kwa kona, akaipima tena. Ilikuwa sawa. Jumamosi asubuhi wanaume wanne wa mtaani walisaidia kulipandisha bamba juu ya fremu, wakaondoka wakishika viuno.

Angeweza kupumzika hapo. Chai ilikuwa imeiva. Lakini mmoja wa wale wanne, katika kutafuta la kusema, alisema, "Meza nzuri. Ila ya marehemu baba yako, ile ndiyo meza." Akaenda zake, hakujua alichowasha.

Cheche akashusha kofia. Chuma kikipata moto hutanuka, na kikipoa hujirudi na kuvuta kila kilichoshikana nacho. Kwa hiyo fundi hushikiza kwanza kwa nukta ndogo, kisha huchomelea inchi moja hapa, inchi nyingine upande wa pili, na husubiri. Hili ni somo la siku ya kwanza. Cheche mwenyewe alishawahi kumtimua mwanafunzi kwa kulisahau. Siku ile hakulisahau. Alilijua, likawa limekaa pembeni ya kichwa chake kama mgeni asiyekaribishwa, na katikati ya kichwa alikuwa amekaa kaka yake.

Kila kijiti cha kuchomelea kilikuwa na mtu wake. Cha kwanza kilikuwa cha shati jeupe. Cha pili cha "Ndiye mimi". Cha tatu na cha nne aliviunguza kwa ajili ya lile bati la namba ya simu. Taa za majirani zilififia na kuwaka, mtu akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba redio yake inakoroma, na Cheche hakusikia. Alipofika upande wa nne alikuwa sebuleni, kwenye kochi, akimwona mama akinyoosha kitambaa. *Mwachie kaka yako vya baba yake.* Akauvuta mshono kutoka kona hadi kona bila kupumua.

Alipoinua kofia, mshono ulikuwa mzuri. Ulikuwa umelala sawasawa, mwembamba, umefuatana kama mishono ya mume wake. Kisha bamba likaanza kulia. Tik. Kimya. Tik, tik. Ni sauti ndogo, mtu mwingine angedhani ni mjusi. Cheche alijua ni chuma kinachojivuta.

Alichukua uzi wa mume wake, akaufunga kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, na mwingine hivyo hivyo kwa pembe zilizobaki, akazivuta zote mbili hadi zikawa zinalia kama gambusi. Meza ikiwa sawa, nyuzi hizo hugusana katikati. Wa juu ulikuwa umeuacha wa chini kwa nafasi ya kupitisha kidole. Akapitisha kidole. Akapitisha tena, kana kwamba kidole cha pili kingeleta habari tofauti.

Hapo alitukana. Alimtukana kaka yake, bamba, mabomba, mtu aliyesifu meza ya marehemu, na mwishowe akajitukana mwenyewe, na hilo tusi la mwisho ndilo lililokuwa refu kuliko yote. Alirusha kofia ikagonga ndoo. Mume wake akatoka na nguo ya mteja begani, akazitazama nyuzi.

"Hata shati," akasema kwa uangalifu, "ukilishona upande mzima bila kulishikiza kwa bandi kwanza, linajivuta."

"Nyamaza!"

Akairudisha ile nguo ndani. Alikuwa amesema kweli, na alijua kabisa kwamba ndiyo sababu amekaripiwa.

Jumapili mchana mama alikuja. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na goti moja bovu, na alikuwa ametembea njia yote. Cheche alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiitazama meza kama mtu anayemtazama mdeni wake. Mama alisalimia, akajibiwa nusu. Akavuta kigoda.

"Kaka yako amesikia meza yako imepinda."

"Amesikia kwa nani?"

"Mtaa huu una siri? Amenituma. Anasema njoo utumie meza ya baba yako. Uunde geti lako pale, wiki yote hii, hatakuingilia. Anachotaka ni libandikwe bati lake tu, basi. Mwanangu, shule inafunguliwa baada ya siku nane. Kubali yaishe."

Cheche aliinuka polepole.

"Bati lake tu."

"Bati ni kitu gani? Kipande cha bati."

"Mama, kama ni kipande cha bati, mbona yeye hakiachi? Miaka kumi na tisa! Macho yangu yamewaka hadi nikalala na vipande vya viazi kwenye kope. Nimezaa watoto watatu na kila mara nimerudi kwenye ile meza. Wewe uliniona! Ukatuletea chai, ukaniona, halafu siku ya kusema neno moja ukanyoosha kitambaa. Kaka namwelewa, ni debe tupu, acha livume. Lakini wewe? Wewe ulikuwa unaona! Vya baba yake! Kwani mimi baba yangu alikuwa nani?"

Ng'ambo ya ukuta redio ilizimwa, kwa sababu jirani naye ana masikio. Mume wake alisimama mlangoni na pini zake, hajui kama aingie au atoke. Cheche alitarajia mama alie, au amwambie ana adabu mbaya, na kwa lolote kati ya hayo alikuwa na jibu tayari. Mama hakufanya lolote. Alikuwa anaitazama meza.

"Umechomelea kwa kufululiza," mama akasema.

"Nini?"

"Umezunguka yote bila kuacha. Ndiyo maana imekunja. Baba yako alichoma kidogo pembe hii, akavuka akachoma kidogo pembe ile, halafu tukakaa. Mpaka uweke kiganja na kisiungue. Ndipo anaendelea. Siku tatu tulifanya hivyo."

"Tulifanya?" Cheche akauliza.

Mama alivuta mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko. Upande wa ndani wa mkono kulikuwa na madoa meupe, madogo, sita au saba. Cheche aliyajua madoa yale tangu utotoni. Siku zote aliambiwa ni mafuta ya kukaangia.

"Hakuwa na klampu," mama akasema. "Klampu yake ilikuwa mimi. Nilisimama juu ya bamba, pembe mbili hizi, leo hii kesho ile, ili lisiinuke. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, ya huyo huyo kaka yako. Cheche zikaruka, nikajikinga tumbo kwa mkono. Siku ya nne watu wakaja kuitazama. Mjomba wako akauliza, nani kakusaidia? Baba yako akasema, 'Nimeijenga peke yangu.' Mimi nilikuwa hapo hapo. Nimeshika birika."

"Ukasema nini?"

"Nikauliza nani anaongeza sukari."

Mama aliushusha mkono wa gauni, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa na ukali ambao Cheche hakuwahi kuusikia, ukali uliokuwa umekaa sana kabatini.

"Miaka arobaini na minane nimesikia watu wakiisifu ile meza. Baba yako alikuwa mtu mwema, simsengenyi marehemu. Lakini hakulisahihisha lile neno hata siku moja, hata tukiwa wawili chumbani. Nikajiambia ndivyo dunia ilivyo, nikalimeza. Wewe ulipokuwa unanitazama pale sebuleni, nilikukasirikia. Unajua kwa nini? Nilijiambia, huyu anataka nini? Mimi nimemeza, yeye ni nani asimeze?" Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Chukua grinda yako. Kata. Anza upya, na mimi nikiwa hapa."

Cheche alikuwa bado na hasira. Hasira haiondoki kama mvua, eti mawingu yamepita. Lakini ilikuwa imepoteza mahali pa kukaa, na mikono yake ilikuwa mitupu, kwa hiyo aliichukua grinda.

Walikata mshono wote mchana ule. Bamba lilipoachiliwa liliruka kidogo, likatoa mlio, likajilaza. Jumatatu asubuhi alinyoosha fremu kwa nyundo na jeki ya gari ya jirani, wakalirudisha bamba. Klampu mbili zilishika pembe mbili. Pembe ya tatu alikalishwa mume wake juu ya kipande cha ubao, naye akaja na shati la mteja na mkebe wa vifungo, akaendelea kushona vifungo huku miguu ikining'inia. Pembe ya nne mama alikataa kukaa. Alisimama juu ya bamba, ameegemea ukuta, goti bovu na yote.

"Inchi moja," mama aliamuru.

"Najua, mama."

"Ungekuwa unajua nisingekuwa hapa. Inchi moja, kisha vuka."

Alichoma inchi moja, akavuka. Wakasubiri. Mama aliinama akaweka kiganja kwenye chuma, akatikisa kichwa. Wakasubiri tena. Mume wake alimaliza shati, akaanza la pili. Kwa mtu kama Cheche kusubiri ni adhabu, na mara mbili alifunika kofia kabla ya wakati wake, na mara zote mbili mama aligonga bamba kwa kisigino. Kazi aliyoimaliza Jumamosi kwa asubuhi moja iliwachukua Jumatatu yote na Jumanne hadi saa kumi. Kisha akafunga nyuzi.

Ziligusana. Akalala juu ya saruji akaangalia kwa upande, akazipiga kwa kucha, zikatetemeka pamoja. Alimtazama mama, na mama akasema kwamba miguu inamuuma na kama nyumba hii haina chai aambiwe aende kwake.

Geti liliundwa siku tatu zilizofuata. Mama hakwenda kwake. Alishika vyuma, akapitisha vijiti, akamkaripia binti yake kwa kutovaa glavu. Kaka alipiga simu mara tano. Mama alikuwa akiitazama simu ikilia hadi inyamaze yenyewe.

Jumamosi walilipeleka kwenye mkokoteni ule ule wenye ekseli mpya. Mwalimu mkuu alikuwa anangoja pamoja na wazazi kadhaa waliokuja kupaka rangi madarasa. Na kaka naye alikuwepo. Shati jeupe, mikono nyuma. Alikuwa amekuja kuona geti lisivyofunga, na hakuwa na haja ya kulificha.

Cheche alitundika bawa la kwanza, akapima kwa pimamaji. Akatundika la pili. Watu wakasogea karibu, hata wapaka rangi. Akalisukuma bawa la kulia kwa kidole kimoja, likaenda taratibu, likamkuta mwenzake na kutoa sauti ndogo kama ya kufunga sanduku. Mwalimu mkuu alipiga magoti kwenye vumbi na nguo yake safi, akajaribu kupitisha mkono chini. Haukupita. Akajaribu katikati. Vidole tu, vilikwama. Alipoinuka alikuwa anatabasamu na macho yamejaa maji.

"Nani amelitengeneza?" mzazi mmoja akauliza kwa sauti.

Na kabla Cheche hajafungua mdomo, kaka yake alikuwa ameshapiga hatua mbele, akacheka kile kicheko chake cha wateja.

"Huyu ni mdogo wangu. Nimemfundisha mwenyewe, mmeona kazi yake! Karakana yetu ni moja, ni mambo ya familia tu." Akatoa mfukoni bati lenye namba ya simu, na bisibisi, na skrubu mbili. Alikuwa amejiandaa kwa yote mawili, huyu mtu: geti lisipofunga acheke, likifunga alibandike.

Damu ilimpanda Cheche hadi masikioni. Alikuwa ameshafika nusu ya njia akimwendea kaka yake, na mume wake ameshamshika gauni kwa nyuma, alipoona kwamba mama amemtangulia. Mama alichechemea hadi mbele ya mwanawe, akanyoosha mkono, akalichukua lile bati kama anavyonyang'anywa mtoto kitu alichookota njiani.

"Mama, hii ni biashara," kaka akasema kwa sauti ya chini.

"Mzazi ameuliza nani amelitengeneza," mama akasema, na sauti yake haikuwa ya chini. "Amelitengeneza binti yangu. Na aliyeshika ni mimi. Haya, niambie, ile meza unayoringia ina pembe ngapi?"

"Mama, twende tukazungumze nyumbani."

"Ngapi?"

"Nne," kaka akajibu, akiwatazama watu.

"Mbili ni zangu. Nilizikanyaga mimi, na wewe ukiwa ndani ya tumbo hili unanipiga mateke. Jumanne nakuja kuzichukua. Uwe umeondoa vitu vyako juu yake."

Kaka akacheka. Akaangalia kushoto na kulia apate wa kucheka naye, asimpate. Mwalimu mkuu alikuwa amekunja mikono. Wapaka rangi walikuwa wamesahau brashi mikononi na rangi inadondokea viatu vyao.

Mama akamgeukia binti yake.

"Ile grinda yako inakata bamba nene kama la ile meza?"

"Inakata, mama."

"Kwa muda gani?"

Cheche alifikiri, kwa sababu alikuwa ameulizwa swali la kazi na anayeuliza alitaka jibu la kazi.

"Asubuhi moja," akasema. "Tukianza mapema."